Mkahawa umekataa keshi baada ya kula: haki iko kwa nani?

Swali: "Wakili, habari za kazi. Jumamosi niliwapeleka wazazi wangu kula chakula cha mchana katika mkahawa mmoja hapa Mombasa. Tulipomaliza, bili ikaja shilingi 3,740. Nikatoa noti nne za elfu. Mhudumu akasema hawapokei keshi, ni M-Pesa au kadi tu. M-Pesa yangu ilikuwa imefungwa tangu asubuhi kwa sababu nilikosea PIN, na simu za wazazi hazikuwa na pesa. Meneja akaja, akachukua kitambulisho changu akisema ni dhamana, na kwamba tukileta ujanja ataita polisi. Mwishowe bwana mmoja wa meza ya jirani alitulipia kwa simu yake, nami nikampa keshi. Kitambulisho nilirudishiwa, lakini mamangu aliaibika sana. Tukitoka ndipo nikaona kibandiko kando ya kaunta kimeandikwa kwamba keshi haipokewi. Je, shilingi ya Kenya inaweza kukataliwa ndani ya Kenya? Na naweza kuwashtaki?"

Jibu: Ndugu yangu, kwanza mpe mama pole. Sasa nikujibu kwa mkato, halafu nieleze. Mkahawa una haki ya kuamua kwamba haupokei keshi. Lakini kwa jinsi ulivyonisimulia, haukuwa na haki ya kukataa keshi yako saa ile ulipoitoa. Na kitambulisho chako haukuwa na haki ya kukishika saa yoyote ile.

Najua majibu hayo mawili ya mwanzo yanaonekana kupingana. Watu wengi wanaamini kwamba noti ikishatolewa na Benki Kuu, basi kila muuzaji nchini analazimika kuipokea, na akikataa amevunja sheria. Wengine, hasa wenye biashara, wanaamini kinyume chake: duka ni langu, masharti ni yangu, mwisho. Kila upande umeshika nusu ya sheria.

Sheria ya Benki Kuu ya Kenya, Sura ya 491, kifungu cha 22, inaipa Benki Kuu peke yake mamlaka ya kutoa noti na sarafu, na inasema hizo ndizo fedha halali kwa malipo nchini. Maneno hayo ndiyo yanayotuchanganya. Fedha halali kwa malipo ni ile ambayo mtu anayekudai hawezi kuikataa kisha akageuka kusema hukumlipa. Inahusu kulipa deni. Haimlazimishi mtu kufanya biashara na wewe. Kama hakuna deni bado, mwenye duka anaweza kukuambia anapokea simu tu, au kadi tu, au keshi tu, na sheria hiyo haina la kumwambia. Wala hakuna kosa la jinai linaloitwa kukataa keshi katika sheria zetu. Wenzetu wa Nigeria wameliweka: sheria ya benki kuu yao inamfanya anayekataa naira kuwa mkosaji, kwa faini au kifungo. Sisi hatuna kifungu kama hicho, kwa hiyo ukikimbilia kituo cha polisi kushtaki kwamba umekataliwa keshi, OCS, mkuu wa kituo, atakusikiliza kwa heshima na kukuambia urudi nyumbani.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mtu mwenye kesi kama yako ni hili: deni lilizaliwa saa ngapi?

Dukani deni halizaliwi mpaka mfikie makubaliano kwenye kaunta. Bidhaa kwenye rafu na bei yake ni mwaliko tu. Wewe unapeleka unga kaunta, muuzaji anakubali au anakataa. Akikwambia pale kwamba hapokei keshi, hakuna mkataba, hakuna deni, unarudisha unga kwenye rafu na kwenda duka la pili. Inaudhi, lakini haki yako haijavunjwa. Kituo cha mafuta ni tofauti, kwa sababu petroli ikishaingia kwenye tangi haitoki. Kinyozi ni tofauti pia. Na mkahawa wa kukaa, kuagiza, kula kwanza na kulipa baadaye ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Ulipoagiza na mhudumu akapokea oda, mkataba ulifungwa. Chakula kilipofika mezani, deni lilikuwepo. Bili inapoletwa, mkahawa si muuzaji anayechagua wateja tena. Ni mdai anayedai chake.

Sasa mkahawa utajitetea hivi: "Sawa, lakini masharti ya mkataba yalikuwa malipo kwa simu au kadi, na kibandiko kipo." Hoja hii ina uzito, na hapa ndipo kesi yako inapoegemea. Watu wanaruhusiwa kukubaliana namna ya kulipana. Kama ungeambiwa mlangoni, au maneno hayo yangekuwa juu ya menyu kwa herufi zinazosomeka, au mhudumu angekutajia kabla ya kuandika oda, ungekuwa umekubali sharti hilo kwa kukaa na kuagiza. Noti zako nne zisingekusaidia sana.

Sheria yetu ya mikataba, Sura ya 23, imechukua kanuni za mikataba za Kiingereza, kwa hiyo kesi za Uingereza tunazitumia mahakamani kila siku. Ipo moja ya mwaka 1949, Olley dhidi ya Marlborough Court. Mgeni wa hoteli alijiandikisha mapokezi, akapanda chumbani. Ukutani chumbani palikuwa na tangazo kwamba hoteli haitawajibika kwa mali itakayoibwa. Mali yake ikaibwa. Mahakama ilisema tangazo lile lilichelewa: mkataba ulishafungwa mapokezi, na huwezi kumwongezea mtu sharti baada ya mkataba kufungwa. Kibandiko ulichokiona wakati wa kutoka, kando ya kaunta ambayo hukupita wakati wa kuingia, ni tangazo la chumbani. Ningependa kukiona kwa macho yangu. Je, mlangoni hakuna kingine? Menyu ulisoma ukurasa wa mwisho? Ukurasa huo wa mwisho, chini ya orodha ya juisi, ndipo mikahawa mingi huficha mambo. Kama nako hakuna kitu, basi sharti hilo halikuwa sehemu ya makubaliano yenu.

Katiba nayo inakuunga mkono. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike na bidhaa au huduma. Kumwambia mteja jinsi ya kulipa baada ya kumlisha hakutimizi haki hiyo.

Kuna jambo dogo la kiufundi ambalo huenda hukulitarajia, nami nalisema kwa sababu wakili wa upande wa pili atalisema. Kanuni ya zamani ya Kiingereza ni kwamba anayelipa deni kwa fedha halali atoe kiasi kamili. Mdai halazimiki kutafuta chenji. Wewe ulidaiwa 3,740 ukatoa 4,000. Ukisema "nirudishie 260", kwa ukali wa kanuni hiyo hujatoa malipo sawasawa, na mkahawa usioweka keshi hauna droo ya chenji. Ukisema "chukueni hizi, chenji bakini nayo", umetoa malipo kamili na zaidi, na hakuna wa kukulaumu. Vilevile ni lazima pesa zitolewe zionekane. Kusema tu "ninazo mfukoni" hakutoshi. Zitolewe bila masharti, na ziwe ni fedha ambazo bado ni halali. Noti za zamani za elfu moja, zile zilizofutwa tarehe 1 Oktoba 2019, ni karatasi tu. Noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 hazikufutwa siku ile, ingawa makanga wengine wanazitazama kana kwamba ni fedha za nchi nyingine. Na usije na mfuko wa sarafu: nchi nyingi huweka kikomo cha sarafu. Uingereza, kwa mfano, peni moja moja na mbili mbili ni malipo halali kwa deni lisilozidi peni 20 tu.

Na ukishatoa malipo kamili yakakataliwa, unapata nini? Usidhani umekula bure. Deni linabaki. Unachopata ni kinga. Mkahawa ukienda mahakamani kudai 3,740, unajitetea kwamba ulizitoa wakazikataa, unaziweka mahakamani, na hapo mdai hapati riba ya muda huo na gharama za kesi zinaweza kumwangukia yeye. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Fikiria tu sura ya mwamuzi akisomewa kwamba mkahawa umemshtaki mteja aliyekuwa amenyoosha mkono wenye noti nne za elfu.

Majirani zetu wa Tanzania wanafika palepale kwa njia nyingine. Sheria yao ya Mikataba, Sura ya 345, ilitokana na ile ya India ya mwaka 1872, na kifungu cha 38 kinasema mtu aliyejitolea kutimiza wajibu wake akakataliwa hahesabiwi kuwa ameshindwa kuutimiza. Kule nako mwaka 2025 kulitoka kanuni zinazokataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani. Watu kadhaa wameniandikia wakidai kanuni hizo zinalinda keshi. Hapana. Zililenga dola. Shilingi iliyo ndani ya simu ni shilingi pia.

Nije kwenye kitambulisho, kwa maana hapa ndipo nilipokasirika nikisoma barua yako.

Deni la bili ni jambo la madai. Si jinai. Ipo jinai ya kupata huduma kwa udanganyifu, ya mtu anayeingia, anaagiza kamba na pweza akijua hana hata ndururu, kisha anapotelea mlango wa choo. Wewe ulikuwa na pesa mkononi. Huna nia ya udanganyifu hata chembe. Meneja angeita polisi, na polisi anayejua kazi yake angemwuliza swali moja tu: amekataa kulipa, au mmekataa kulipwa?

Kitambulisho ni hati ya serikali uliyokabidhiwa wewe, na Sheria ya Usajili wa Watu inasema ni kosa kumpokonya mtu kitambulisho bila haki. Huwezi kukiweka rehani kwa sahani ya biriani, na meneja hawezi kukipokea kama rehani. Najua desturi imeenea, kuanzia gesti hadi lango la jengo la ofisi, lakini desturi haijawa sheria. Na kama wangewazuia msitoke, hilo ni baya zaidi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba Hospitali ya Pumwani ilivunja haki za akina mama wawili iliowazuia wodini kwa sababu hawakumaliza bili. Kama hospitali ya umma haiwezi kumfungia mtu kwa deni la matibabu, mkahawa utamfungiaje mtu anayetaka kulipa?

Ngoja niseme na upande wa pili, maana nina wateja wenye mikahawa na sipendi kuwasimanga. Keshi ina gharama zake. Kuna noti bandia, kuna mfanyakazi anayekata vocha za uongo, kuna safari ya benki jioni na begi ambalo kila mtu mtaani anajua lina nini. Wakati wa korona, kati ya Machi na Desemba 2020, ada ya kutuma shilingi elfu moja kushuka chini iliondolewa, na wengi waliojifunza kulipa kwa simu wakati ule hawakurudi nyuma. Mfanyabiashara anayeamua kuacha keshi hafanyi dhambi. Ninachowaambia ni hiki: andika mlangoni, kubwa, kwa Kiswahili na Kiingereza, mwambie mhudumu aseme kabla ya oda, na weka akiba ya chenji kwa yule mmoja atakayeingia bila kuona. Wachache wananisikia.

Na jambo ambalo watu hulisahau: pesa ya simu yenyewe si fedha halali kwa malipo. Salio lako la M-Pesa ni haki ya kudai pesa zilizowekwa benki chini ya udhamini. Si noti ya Benki Kuu. Kwa hiyo mama mboga akikwambia "mimi nataka keshi", huna sheria ya kumsomea. Mwenye nyumba vivyo hivyo. Kama mkataba wenu umetaja paybill, yaani namba ya kulipia kwa M-Pesa, lipa kwa paybill. Kama haukutaja kitu na yeye anakataa kodi uliyomletea mkononi ili apate kisingizio cha kukufukuza, hapo ndipo kanuni ya deni niliyokueleza inapokuwa na meno. Itoe kodi hiyo mbele ya shahidi na uandike barua siku hiyohiyo. Nimeona kisa cha namna hiyo zaidi ya kimoja, na mara nyingi mwenye nyumba hakuwa na shida na keshi hata kidogo. Alishapata mpangaji mwingine.

Serikali ni habari nyingine. Duka likikataa keshi unahama duka, lakini huwezi kuhama ofisi ya serikali, kwa hiyo inapaswa kuonyesha sheria inayoiruhusu kukubana na kwamba umma ulishirikishwa. Mwezi Aprili 2025 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alifuta agizo la Wizara ya Elimu lililowataka wazazi walipe karo kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo, akisema halikuwa na msingi wa kisheria wala ushirikishaji wa umma. Ada ya shilingi 50 kwa kila malipo nayo haikupona. Ujerumani walibishana kuhusu ada ya utangazaji wa umma, ambayo haikupokewa kwa keshi. Mwanahabari Norbert Häring na mwenzake wakafika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo mwaka 2021 ikasema kimsingi noti za yuro ni lazima zipokewe katika kulipa deni, ila sheria inaweza kuweka mipaka kwa maslahi ya umma ikiwa mipaka hiyo haizidi kiasi. Mwishoni walishindwa nyumbani kwao, lakini kanuni ilibaki: serikali ndiyo yenye kazi ya kueleza kwa nini inakataa fedha iliyoitoa yenyewe.

Serikali yetu ilijaribu pia kuzilazimisha matatu ziache keshi mwaka 2014. Kadi zikauzwa, tarehe ikasogezwa, makanga wakaendelea kukunja noti kati ya vidole. Sheria iliyopita juu ya vichwa vya watu ilikufa barabarani.

Je, tunahitaji sheria ya kulazimisha keshi ipokewe? Mimi naona tunahitaji, lakini ndogo. Jiji la New York tangu Novemba 2020 linakataza maduka na mikahawa kukataa keshi, ingawa yanaweza kukataa noti inayozidi dola 20. Norway tangu Oktoba 2024 imempa mnunuzi haki ya kulipa keshi dukani hadi kroni 20,000. Denmark ina wajibu huo pia, lakini inawaruhusu wauzaji wa usiku kukataa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu ya majambazi. Huu wa Denmark ndio ninaoupenda, unamfikiria mnunuzi na muuzaji kwa pamoja. Kwetu ningetaka ihusu chakula, dawa, mafuta na usafiri, kwa bili ndogo, mchana. Laini ya simu inasajiliwa kwa kitambulisho. Kijana anayesubiri kitambulisho, mzee aliyepoteza laini, mtu ambaye PIN imemfungia kama wewe: hawa wote wana pesa, na siku moja hawataweza kununua paracetamol.

Umeuliza kuhusu kushtaki. Unaweza, kwa kushikiliwa kitambulisho na kwa kunyimwa taarifa, lakini bili ilishalipwa, kitambulisho unacho, na fidia ambayo mahakama ingekupa huenda isifikie nauli za kwenda na kurudi mahakamani. Mimi ningeandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwenye mkahawa, si kwa meneja. Taja tarehe, saa, namba ya risiti, jina la meneja kama lilikuwa kwenye beji, na sentensi aliyoitamka kuhusu polisi. Ambatanisha picha ya kile kibandiko na mahali kilipo. Mtake aombe radhi kwa maandishi kwa mama, na ahamishe kibandiko hadi mlangoni. Mpe siku 14. Asipojibu, niletee nakala.

Likikupata tena, kwako au kwa mwingine: toa noti zote mezani zionekane, sema wazi kwamba unalipa bili yote na chenji wabaki nayo, omba risiti. Wakikataa, andika jina lako, namba ya simu na kiasi nyuma ya bili, ipige picha pamoja na pesa, waachie namba, ondoka na kitambulisho chako mfukoni. PIN ikifunguliwa jioni, watumie 3,740 kamili.